Mama afundisha chakacha

Jumamosi, Wembley

Bado nacheka. Leo Mama alikuja kwenye mazoezi ya kikundi chetu cha ngoma za watu weusi pale chuoni, akiwa bado na yunifomu ya hospitali. Niliogopa, maana wiki nzima amekuwa akisema niache ngoma, zitaniharibia masomo.

Tulipoanza chakacha, ambayo niliwafundisha wenzangu kwa kuangalia video, Mama alisimama.

"Nani kawaambia kiuno hurushwa? Kiuno huzungushwa, taratibu!"

Akajifunga leso yangu kiunoni, akatuonyesha. Wenzangu, Wajamaika na Waghana, wakampigia makofi mpaka akaona haya.

Ndani ya basi, tukirudi nyumbani, nikamuuliza kama bado anataka niache.

"Uache vipi na onyesho ni Ijumaa, nanyi hamjui kitu?"