Kiti changu kimecheza fainali

Jackline uko wapi? Shika simu basi!

Princess kacheza fainali na kiti mwendo changu. CHANGU. Mimi nimekaa pembeni kama mtazamaji.

Si unajua mwaka huu ligi yetu ya mpira wa kikapu wa viti mwendo wameifungua kwa wote, hata wanaotembea? Na mimi nilivyoshangilia! Mimi ndiye niliyemleta Princess mazoezini, nikamfundisha kugeuza kiti bila kuanguka.

Leo kocha ananiambia, "Nosim, mpishe Princess, ana kasi zaidi. Na umwachie kiti chako, ni chepesi."

Nikamwangalia Princess. Nilijua atakataa.

Akasema, "Si kwa ajili ya timu, shosti?"

Shosti!

Wakaninyanyua kama gunia, wakaniweka kwenye kiti cha plastiki.

Kafunga kikapu cha ushindi. Halafu akasimama. Jackline, AKASIMAMA. Akarukaruka, akakimbilia wenzake, kiti changu akakiacha katikati ya uwanja.

Wametoka wote nje kupiga picha na kombe.

Bado niko kwenye plastiki hapa uwanjani Usa River. Kiti changu nakiona kule. Njoo unisogezee.