Nimekuwa Mwema, Nyumbani Wanadhani Nakufa

Mshauri mpendwa, pole na kazi ya kusoma matatizo ya watu, nami naomba msaada wako maana nimekwama kabisa. Mimi ni fundi bomba mstaafu, nina mke, watoto wawili na mjukuu wa kike wa miaka minane, na mwaka huu nililazwa wiki tatu kwa homa ya mapafu, daktari akawaambia wajiandae, mimi nikakataa, nikapona nikarudi nyumbani. Sasa majuzi natafuta miwani kwenye droo nikakuta karatasi mbili, mwandiko wa binti yangu ambaye ni mwalimu, juu imeandikwa "Wasifu wa marehemu baba yetu mpendwa", na nafasi ya tarehe imeachwa wazi.

Nikakaa kitandani nikasoma yote. Mshauri, huyo marehemu alikuwa mtu wa ajabu! Hakuwahi kumpandishia mtu sauti, alipika kila Jumapili ili mkewe apumzike, alimfundisha mjukuu wake kusoma, na kwa ufundi wake nyumbani kwao halikuwahi kudondoka tone la maji. Mimi ninayekuandikia, bomba langu la jikoni lilikuwa linavuja mwaka wa tano, tumelitegea beseni, na mke wangu akilitaja namjibu kwamba nyumbani nimekuja kupumzika. Kupika, hata kuwasha jiko nilikuwa sijui.

Kwanza nilikasirika, kisha nikaona haya, nikasema kama nimeongezewa muda basi nijitahidi nimfikie huyo marehemu. Nikatengeneza bomba. Jumapili nikaingia jikoni, wali ukaungua lakini ulilika. Nikaacha kufoka, na kila alasiri nikaketi na mjukuu tusome kitabu, kumbe kwa kusoma ananizidi. Nilitegemea watafurahi. Badala yake mke wangu akajifungia chumbani, nikamsikia akilia, akimwambia binti yetu kwenye simu, "Baba yako ametengeneza bomba. Njoo haraka, anatuaga." Binti akaja mbio, kaka yake akapanda basi safari ya siku nzima, wakanikalisha kitini wakanipima joto, na mjukuu akaniuliza mbele ya wote, "Babu, kwani unakufa tena?"

Nikiendelea kuwa mwema nawatisha, nikirudi nilivyokuwa ile karatasi ni uongo mtupu, na nikisema nimeisoma binti yangu ataona aibu asijue pa kujificha. Nifanye nini?

Marehemu Mtarajiwa

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa ugonjwa. Sikufichi, nimecheka, halafu nikakuonea huruma, halafu nikakasirika. Miaka mitano bomba linavuja na fundi yumo ndani!

Mkeo analia kwa sababu anakufahamu. Hajazoea kukuona ukifanya jambo jema bila kusukumwa, sasa umefanya manne kwa mfululizo, na mdomo umeufunga. Ungekuwa wewe usingeogopa?

Binti yako naye usimwite mwongo. Mtu aliyekaa kando ya kitanda cha baba yake hospitalini haandiki ripoti ya kazi. Ameandika baba aliyemtamani, na pengine baba aliyewahi kumwona siku mojamoja, wewe mwenyewe hujitambui. Muulize ni siku zipi.

Leo hii, kabla hawajarudi makwao, weka karatasi mezani wote wakiwepo. Sema, "Nimeisoma. Mmenipamba, ahsanteni, nimejaribu kufanana nayo." Watacheka au watalia, na vyote viwili ni afadhali kuliko kunong'ona kwenye simu. Kisha nenda na mkeo kwa daktari, aingie ndani na wewe, asikie mwenyewe kwamba mapafu ni mazima. Habari za kupelekewa na wewe hataziamini. Kupika, mwombe akufundishe, yeye akae akuelekeze. Na ukijisikia kufoka, ifokee redio, watu wako watulie kidogo.

Bado jambo moja. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniambia mkeo analalamika, umeniambia mkeo analia, basi. Neno moja jema juu yake sijaliona. Usiniandikie mimi. Mwambie yeye, leo, angali anakusikia.