Sentensi Niliyoiruka

Baba yangu uliye Tanga,

Hili sijamwambia mtu, hata mama: hukusahau. Mimi ndiye niliyeiacha ile sentensi.

Unakumbuka Alhamisi zetu pale Shumaisi, hapa Riyadh? Ulikuwa ukirudi kutoka maabara ya chuo, unavua viatu, unanipa kurasa zako za penseli. Vipimo uliviandika kwa Kiswahili, wao walitaka Kiingereza, na msomi wa nyumba nilikuwa mimi. "Haya Bi Karani, yalla, Jeddah wanasubiri!" Chuo cha Riyadh kilikuwa na chipu iliyobuniwa hapa hapa, cha Jeddah kilikuwa kinaunda droni ya kuibeba, na ripoti zako zilikwenda huko.

Siku moja uliniwekea chipu kiganjani, ndogo kama ukucha. "Huu ndio ubongo wake. Usipumue." Nikabana pumzi kweli, ukacheka hadi ukakohoa.

Wiki ile uliandika: "Dakika kumi juani chipu inachemka, droni inachelewa kutii. Isirushwe mchana." Niliisoma mara mbili. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimekusikia jikoni ukimwambia mama kwamba mradi ukikwama, ikama yako, kile kibali cha kuishi huku, haitaongezwa. Nikairuka ile sentensi, nikachapa iliyofuata. Ukaituma bila kusoma, kwa kuniamini.

Jeddah tulikwenda sote kuiona ikirushwa. Adhuhuri, kabla hujawahi kuwazuia, droni ikapanda vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha ikasita, ikayumba, ikaanguka mchangani. Hakuna aliyeumia. Daktari, yule mkuu wa mradi, akakujia na ripoti mkononi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuandika?"

Ukanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Nilisahau, Daktari."

"Wewe? Wewe unayeandika hata idadi ya skrubu?"

"Nilisahau. Halas, basi."

Usiku ule, kwenye chumba chetu cha kupanga kule Kandara, Jeddah, nilingoja unigombeze. Ukaniuliza tu, "Umekula?" Nikasema ndiyo. Huo ulikuwa uwongo wa pili.

Mkataba wako haukuongezwa, ukarudi Tanga. Tumebaki mama na kazi yake ya hospitali, mimi na shule. Kila ukipiga simu unaniuliza hesabu zinaendaje, nami naongea hesabu tu mpaka salio linakwisha.

Juzi Daktari alikutana na mama hospitalini. Wana chipu mpya, vyuo vile vile viwili, na wanatafuta fundi. "Ningemwita mumeo," akamwambia, "lakini mtu anayesahau simwezi." Mama alinisimulia huku anakata vitunguu. Kitunguu kimoja alikikata mpaka kikawa uji.

Ukurasa wako wa penseli ninao, ndani ya kitabu cha fizikia. Leo nimeutafsiri upya, wote, Kiingereza upande huu, Kiarabu upande ule. Chini nimeandika jina langu, na kwamba aliyeiacha sentensi ni mimi. Sijui kama Daktari akiusoma atakuita. Sijui kama na wewe utanigombeza sasa, na ukinigombeza sawa. Ila nimechoka wewe kuitwa mtu anayesahau.

Nasikia ndara za mama zinakuja. Hapa ndipo huwa naufunika ukurasa kwa daftari. Nimelisukuma daftari pembeni. Barua iko wazi mezani, na ule wa penseli kando yake. Ameshika kitasa.

Kaa salama, baba. Nikimaliza kumweleza mama nitakupigia, na safari hii si hesabu.

Binti yako