Kozi Moja na Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Juni 2005
Makundi ya kozi yametoka. Nimepita kwa Dulla, Bondeni, baada ya vipindi — kompyuta zake mbili ndio mtandao wote tulio nao. Kozi ya uongozi wa shule, walimu kumi na wawili wa wilaya. Mwezeshaji yuko Dar, Bibi Nasma, hatujawahi kumwona. Kundi la tatu: mimi, Lameck, Doreen, na baba mkwe!

Miaka kumi na moja nimeolewa, sijamtazama usoni. Nikimwona njiani napinda migombani. Jina lake silitaji, hata humu siliandiki. Ndivyo mkamwana wa Kinyakyusa anavyolelewa. Sasa Bibi Nasma anataka kila mmoja aanze kwa kumtaja mwenzake jina, halafu amkosoe insha yake. Amkosoe! Ningecheka, ila kuna ukuu wa shule mpya ya Mbugani. Afisa elimu ametamka mbele yetu: atakayeongoza kwa alama kwenye kozi ndiye ataupata. Baba mkwe tayari ni mkuu, amebakiza miaka miwili astaafu, naye anautaka. Mimi ni msaidizi mwaka wa sita. Wakuu watatu wamepita, wote nimewapangia ratiba, wote wamesifiwa.

Jumatano, 8 Juni
Insha imekamilika daftarini. Nimeeleza tulivyopunguza utoro msimu wa kuamia ndege, watoto wanapowafukuza kwenye mpunga: zamu kwa kila shamba, watoto wa asubuhi na wa jioni, wazazi wakatia saini. Kazi yangu, jasho langu. Gwamaka ameomba aisome. Nimefurahi — mume wangu si mtu wa kusoma vitu vyangu.

Ijumaa, 10 Juni
Daftari halijarudi. Gwamaka anasema amelisahau kazini. Kwa Dulla umeme hakuna.

Jumatatu, 13 Juni
Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Ukurasa ulichukua dakika ishirini kufunguka. Insha ya baba mkwe, imetumwa Jumamosi. "Katika shule yangu, msimu wa kuamia ndege..." Zamu zangu. Saini za wazazi wangu. Mimi nilikosea, nikaandika watoro 43 badala ya 34. Na yeye watoro wake ni 43! Hata kosa hakuliacha.

Gwamaka hakuona haya. Alimpelekea daftari mzee arekebishe lugha, mzee akaona ni nzuri. Basi! Anasema baba yake anataka astaafu kwa heshima, mimi bado kijana, nitaandika nyingine. Lini? Mwisho ni kesho saa kumi. Na Bibi Nasma ameshaonya: kazi mbili zikifanana, ya pili inafutwa. Ya pili ni yangu. Mwizi nitakuwa mimi.

Nimemwambia kwamba baba yake ameiba. Akasema nichunge mdomo. Nimempakulia wali wa jana, wa baridi. Ale.

Jumanne, 14 Juni
Niko kwa Dulla. Saa tisa na robo. Naandika hapa huku ukurasa unajivuta.

Lameck kanishauri nimwandikie Bibi Nasma pembeni, nisimwaibishe mzee. Doreen kasema heri nijitoe, nitafute kozi nyingine mwakani, mkwe ni mkwe. Nimekataa yote. Kaiba mbele ya watu kumi na wawili, nitasema mbele ya hao hao. Heshima hii ni ya upande mmoja tu? Mimi nisitamke jina lake, yeye atie jina lake kwenye kazi yangu?

Umefunguka. Chini ya insha yake, mahali wote wanaposoma, nimeandika:

"Mwalimu Zebedayo, asante kwa insha. Watoro 43 ni kosa langu la kuhesabu. Walikuwa 34, na daftari la mahudhurio liko shuleni kwetu, Bibi Nasma anaweza kuliomba. Tafadhali waeleze wenzetu watoro wa shule yako walikuwa wangapi."

Zebedayo. Haya, na humu nimeliandika. Siogopi. Labda kidogo.

Sijatuma bado. Nje Dulla anamwamkia mtu, shikamoo mwalimu. Aliyeitikia ni yeye.

Amesimama mlangoni. Dulla ni Mwislamu, watu wake ni wa pwani, lakini mila zetu anazijua: amekwenda mbio kunifungulia mlango wa uani, nitokee huko nisionane naye. Miguu yangu imeshaanza kuinuka yenyewe, jamani. Nimeirudisha chini.

Hanisemeshi. Anamwambia Dulla: "Mwambie huyo aliyekaa anipishe, niingie."

Dulla ananitazama. Sauti hiyo sijawahi kuijibu maishani.

Nimesema, "Dulla, mwambie asubiri. Namalizia kumwandikia yeye."

Nimebonyeza. Ile saa ya mchanga inageuka kwenye kioo, inageuka tena. Mlangoni hajaondoka. Dulla bado ameshika komeo la uani. Mgongo wangu unachoma kwa macho yake, na bado nimekaa.