Mke Wangu Huwinda Fezanti Peke Yake Bila Mbwa, Nami Nilimfuata

Mpendwa Bi Gudrun, naomba msaada wako kabla sijaongeza ujinga juu ya ujinga, maana wa kwanza nimeshaufanya. Ukali wako naujua, kwa sababu mke wangu hunisomea safu yako kwa sauti kila Alhamisi tukinywa kahawa ya asubuhi, na huwa tunawacheka wenzetu unavyowapa vidonge vyao, basi leo ni zamu yangu. Majina nimebadilisha. Yeye mwite Ardis, mimi niite Verlyn.

Ardis ana miaka sitini na minane, na kila vuli msimu wa kuwinda fezanti, hawa ndege wa nyikani wa jamii ya kuku, ukifunguliwa hunibusu kipara, huchukua bunduki ya marisau ya mitutu miwili aliyoachiwa na baba yake, na chupa ya kahawa, na mkate wenye nyama ya bata mzinga, akaenda zake peke yake kwenye ardhi ya umma, hana mwenzi, hana mbwa. Na wewe ni wa huku huku Dakota, unajua jogoo wa fezanti alivyo mjanja, kuiona tu ile shingo ya kijani na ushanga wake mweupe ni bahati, maana akisikia mtu haruki, anachoropoka kwa miguu ndani ya nyasi, na watu wenye mbwa watatu wanarudi mikono mitupu, lakini Ardis anarudi na jogoo wawili, siku nyingine watatu, ambao ndio mwisho wa sheria, na majike hawagusi kabisa.

Mbwa tulikuwa naye, Tassie, akafa, na mkwe wetu Curt akatuletea kitoto cha mbwa kwenye boksi. Ardis akakibusu puani, akakirudisha. Akasema, "Nimezika mbwa wanne chini ya mti ule wa nyuma. Huyu ndiye atakayenizika mimi, halafu abaki ananingoja mlangoni. Mrudishe, Curt." Ikawa basi.

Pale mgahawani wenzangu wananicheka. Delmar aliniuliza mbele ya watu, "Verlyn, siku hizi mkeo ndiye anayenusa nyasi? Anabweka pia?" Kumbe Ardis yuko nyuma yake anachukua pai. "Delmar," akamwambia, "mbwa wako hajambo? Nilimwona Jumamosi anawatimua jogoo hadi wilaya ya jirani, na wewe nyuma yake unapuliza filimbi kama refa." Mgahawa mzima uliangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka fimbo ikaniponyoka.

Lakini naogopa, Bi Gudrun. Magoti yangu yamekwisha, siwezi kutembea naye kutwa, na kule simu haishiki, akivunja barafu ya kinamasi akatumbukia nani atajua? Curt naye ananipigia kelele, "Baba, wewe ni mume au pambo la sebuleni? Mkataze!" Basi wiki iliyopita, theluji nyembamba ilipoanguka, nikamfuata kwa siri. Nikaficha pikapu nyuma ya maghala ya nafaka, nikaingia kwa upande wa pili nikichechemea na fimbo yangu, na koti langu la kazi la kahawia, nikajikunyata ndani ya matete, masikio yanataka kudondoka kwa baridi, maana hayo ndiyo maradhi yangu ya kila mwaka.

Na hapo ndipo nilipomwona mke wangu. Tuliwinda pamoja miaka mingi, lakini siku zote kulikuwa na mbwa mbele na kelele za watu, sikuwahi kumwona akiwa peke yake. Haendi haraka. Anakwenda hatua chache, upepo uko usoni, anakata kushoto, anakata kulia, anawasukuma jogoo taratibu hadi pembe ambako nyasi zinakwisha, halafu anasimama. Anasimama kimya mpaka mimi mwenyewe nikaingiwa na wasiwasi, na kumbe ndiyo siri yake, jogoo kelele anazivumilia, kimya hakiwezi, anadhani ameshaonekana. Akaruka kwa vurumai! Ardis akampiga kwa risasi moja. Hakukimbia. Alikaza macho pale alipoangukia, akaenda moja kwa moja, akavua kofia yake akaiweka chini iwe alama, akaanza kuizunguka, duara dogo, duara kubwa, nywele zake nyeupe zinapeperuka, hadi akamtoa jogoo chini ya nyasi zilizolala. Akamlaza manyoya vizuri kabla ya kumtia mfukoni. Nililia, nasema kweli. Nilijiona nimeoa mtu nisiyemstahili.

Kisha akageukia upande wangu. Kati yetu jogoo mwingine alikuwa anachoropoka, akaja akakwama karibu na kiatu changu, mbele mimi, nyuma Ardis, na Ardis akasimama kimya. Nilichotakiwa ni kusema tu, "Ardis, ni mimi." Aibu ikanifunga mdomo. Jogoo akaruka, tena si juu, chini chini, sawasawa na kichwa changu, nikaona mitutu miwili inamfuata, inakuja, inakuja, halafu ikasita. Akaishusha. Baba yake alimfundisha kwamba usipoona mbingu chini ya ndege hupigi, na nilimsikia akisema peke yake, "Hakuna mbingu. Nenda zako." Jogoo akaenda zake, nami nikatambaa nikatoka kama mwizi wa kuku, huku nikimsikia anakuja kwenye yale matete.

Jioni nikamuuliza windo lilikwendaje. "Mmoja," akasema. "Wa pili aliruka chini chini, nikamwacha." Mikono yake ilikuwa inatetemeka akimimina kahawa, nikasema moyoni ndio uzee huo umeingia, hofu ikazidi. Tangu siku ile haongei sana. Kwenye msumari wa koti langu ametundika kofia mpya ya rangi ya chungwa, ile wanayovaa wawindaji waonekane kwa mbali, yenye vifuniko vya masikio, nadhani ni zawadi ya Krismasi ya Curt.

Sasa Curt anataka kukileta tena kile kitoto cha mbwa, safari hii kwa nguvu. Nimkataze mke wangu asiende? Na lile la kujificha, nimwambie au nife nalo? Naogopa akijua nilimpeleleza hatanibusu tena akitoka.

Verlyn

Verlyn ndugu yangu, jina umelificha kama ulivyojificha kwenye matete, yaani vibaya. Bibi wa umri huo anayewinda peke yake bila mbwa, akamfunga Delmar mdomo mbele ya pai, yuko mmoja tu upande wenu. Nakupa pole ya hofu. Kumpenda mtu na kumngoja dirishani ni kazi ngumu, naijua, nami nilimngoja wangu. Pole imeishia hapo.

Ulikwenda kumlinda nani? Umechukua koti la rangi ya nyasi zilizokauka, ukajichimbia penye ndege, mbele ya bunduki iliyojaa risasi, na ulipotakiwa kusema neno moja ukaona aibu! Aibu ya nini, mzee mzima? Mwenzako alikuwa na nukta moja ya kuamua, jogoo mnono yuko mbele yake, hana habari kama upo, na bado mkono wake ukatii alichofundishwa utotoni. Wewe leo unakunywa kahawa kwa sababu ya mkono huo. Halafu unaniuliza kama umkataze? Mpigie magoti, kama bado yanapinda.

Na huo si uzee. Mikono haikutetemeka na bunduki, ikatetemeka na birika? Kulikuwa na theluji, Verlyn. Mwanamke anayesoma nyayo za jogoo atashindwa kusoma za mumewe, na tundu la fimbo pembeni? Alifika pale ulipochuchumaa, akaona mitutu ilikuwa imeelekea wapi. Amebeba hilo peke yake tangu siku ile, anangoja useme. Na hiyo kofia, niambie, hapo nyumbani ni nani anayelia na baridi ya masikio? Curt?

Basi sikiliza. Mbwa asiletwe. Amekwambia sababu yake, na ni sababu ya mtu mwenye moyo. Curt mwambie kama ana hamu ya kukataza watu, aanze na Delmar na filimbi yake. Ardis kabla ya kutoka akutajie mahali anakokwenda na saa ya kurudi. Hilo ni haki yako, liombe kwa adabu. Halafu muulize, usimwamrishe, kama siku moja moja angependa usimame kule mwisho wa nyasi, mahali peupe, anakuona, ili jogoo wakikimbia wakukute, waruke. Kusimama hakuhitaji magoti mazima. Akisema hapana, kaa kwenye pikapu na kahawa yako, upande uleule alikoegesha yeye.

Ila umesahau jambo moja: nani hukusomea safu hii.

Ardis, mama, najua ndiwe unayesoma, na kwa sauti. Kazi yako naivulia kofia. Sasa liweke gazeti mezani. Usimuulize kitu, usimsaidie neno. Simama kimya tu, kama unavyojua wewe. Ataruka mwenyewe.