Uliniita Mara Moja

Kaka Masanja,

Jana nilikwenda bondeni. Peke yangu, kwa miguu, na matobolwa, vile viazi vyetu vikavu, nimeyafunga kwenye kitenge kama siku ile. Bodaboda aliniacha kwenye nyumba za mwisho, akauliza nafuata nini huko kusiko na hata mtandao. Nikamwambia nafuata ndama. Alicheka, akageuza pikipiki.

Vile vilima vya mawe ni waongo, unakumbuka? Ukiwa barabarani viko karibu. Unatembea saa tatu na bado viko palepale. Wewe ulikuwa ukinidanganya kwamba tumeshafika, ili nisikae chini, na njiani unakula matobolwa yangu kwanza, yako unayaficha. Jana nimekula yangu yote na bado nikakukasirikia.

Karibu na mlango wa bonde nilikutana na mama mmoja aliyejitwika kuni, nikamwamkia.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Unaingia kule peke yako?" Akanitazama miguu, kisha uso. "Haya. Ukiitwa, subiri ya pili."

Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Maana ni maneno ya mama yetu yale yale. Alitufundisha tungali wadogo: porini ukisikia jina lako mara moja, usiitike, mtu hai huita mara mbili. Wewe ulikuwa ukimcheka. Mimi nilikuwa na miaka tisa na niliamini kila kitu.

Bonde halijabadilika. Vilima vimelizunguka pande zote, majani makavu yananifika kiunoni, na kile kidimbwi bado kina maji. Nilikaa kwenye jiwe lilelile uliloniweka juu yake. "Kaa hapa, mimi nazunguka upande wa pili, huyu ndama hajafika mbali." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho ambayo watu wote wanayajua.

Ya mwisho kabisa nayajua mimi tu. "Kabula!" Mara moja, kutoka upande wa pili. Wala haikuwa sauti ya kuogopesha. Ilikuwa kama unaniomba maji. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili, nikasubiri ya pili. Nilisubiri mpaka ndama akarudi mwenyewe, na nikamfuata nyumbani.

Walipokukuta chini ya genge la mawe, upande ule wa pili, mzee mmoja alisema mwili ulikuwa bado na joto. Hakujua kwamba nimesimama nyuma yake. Mama akaniuliza, "Hukusikia chochote?" Nikasema sikusikia. Tangu hapo amekuwa akiwaambia wageni kwamba Masanja wake alikwenda ghafla, hakuteseka, hakulia hata kidogo. Uongo wangu ameufanya mto wa kulalia. Ningeuondoaje, kaka? Ningemwambia nimekusikia, angeuliza kwa nini sikuitika, na jibu ni yeye.

Jana, jua likiwa utosini, niliitwa. Sijui kama ni upepo kwenye mawe, sijui kama ni kichwa changu. Mara moja. Nikasimama juu ya jiwe, nikaitika kwa nguvu zangu zote: "Abee! Abee, kaka, nakuja!" Nikakimbia mpaka upande wa pili, nikachanwa na miiba miguu yote. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na majani, na jiwe, na mimi ninayehema, mtu mzima mwenye watoto watatu. Nililia hapo mpaka nikachoka.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama uani anachambua pamba, safi huku, chafu huku. Akauliza, bila kuinua kichwa, kama angeuliza habari za sokoni: "Umesikia chochote huko?"

"Siku ile nilisikia, mama. Siku ya Masanja. Aliniita."

Mikono yake ikasimama.

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Hakulia. Donge safi la pamba lililokuwa mkononi akaliweka, akaliweka upande wa chafu. "Angekuwa na nguvu," akasema, "angeita mara mbili." Akaingia ndani.

Nilidhani hatanisemesha tena. Lakini leo tangu asubuhi ananiita, mara nilete maji, mara nishike ungo, na kila akiniita ananiita mara mbili, hata nikiwa nimesimama kando yake. "Kabula. Kabula."

Mimi naitika ya kwanza.

Lala, kaka. Nilichelewa, lakini niliitika.

Mdogo wako wa kwenye jiwe,
Kabula