Penye Tarehe ya Kustaafu

Baba,

Nimekukasirikia, na sina mwingine wa kumwambia. Mama nimemwacha akifunga vyombo kwa magazeti. Mchungaji mpya anaingia nyumba ya kanisa Jumamosi, na hatujui kama mfuko wa wachungaji utamkubali Mama.

Huo mfuko unaujua kuliko mtu yeyote. Yule muumini wa Rongai alipoliachia kanisa letu la Baptisti shamba lake, ili mazao yawatunze wachungaji wastaafu na wajane wao, ni wewe uliyezunguka ukiwajazia wenzako fomu. Hadi Olenguruone ulifika, ukarudi na matope magotini, unacheka. Yako ukaijazaje, Baba? Penye tarehe ya kustaafu umeandika kwa herufi kubwa: NIKIITWA.

Nilikuwa nakuomba upumzike, na hiyo presha yako. Unanijibu, "Mchungaji hastaafu, Wanjiru. Kondoo walale njaa?" Ukahubiri mpaka Jumapili ile ulipoanguka mimbarini. Sasa kamati inasema hukustaafu, kwa hivyo Mama si mjane wa mstaafu.

Katibu wa mfuko, mtu mzuri tu, alinivuta kando. "Madam, weka tu date yoyote ya mwaka jana. Nani atauliza?" Baba, nilichukua kalamu. Nilikuwa nimeshaandika siku na mwezi kwenye karatasi ya pembeni, nijaribu mwandiko wako, Mama akasogea, akaweka mkono juu ya karatasi. "Baba yako hakustaafu. Mimi siwezi kulishwa na uongo." Nikamfokea. Mjane wa miezi miwili, nikamfokea mbele ya katibu. Nisamehe.

Fomu iko vile ulivyoiacha. Nimeambatanisha barua yangu, nimewaeleza kwamba aliyefia kazini hakupata siku ya kustaafu, na mke wake anakula ugali kama wajane wengine. Kamati inakaa kesho saa tatu.

Watakalosema na waseme, Jumamosi Mama anakuja kwangu mtaa wa Free Area. Watoto nimewahamishia sebuleni. Lakini wakikataa, nitarudi mwezi ujao, na unaofuata, mpaka hiyo sheria waibadilishe. Wachungaji wakaidi kama wewe bado wapo, na wake zao wako nyumbani.

Kwaheri, Baba. Wajane wa wenzako uliwatunza. Wako niachie mimi.

Binti yako,
Wanjiru